Filamu ya Kifaransa Sebuleni Mwetu, Buger

Harufu ya petroli ya jenereta, ikichanganyika na ya mablanketi yaliyolowa, ndiyo inayonirudishia masika yale ya utoto wangu Buger. Ukungu ulikuwa umekaa siku nyingi bila kuinuka, na baba alikuwa amepeleka lori la mahindi kwa wafugaji wa Piyaya, kwa barabara ya ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Asubuhi moja habari ilifika kijijini: lori limeporomoka bondeni, baba amefariki. Majirani wote walijua. Mama, aliyekuwa mjamzito, hakujua, wala mimi. Kwetu mke hapewi habari kama hiyo na mtu yeyote tu. Huambiwa na kaka yake mkubwa, akiwa ameketishwa, watu wamemzunguka. Na kaka huyo alikuwa bado njiani kutoka Mbulu, kwenye matope.

Kazi ya kumweka mama ndani, asije akaisikia habari nje, ikamwangukia mdogo wake, Mjomba Tluway, mwongoza watalii aliyejifunza Kifaransa kwa kanda za video. Akaleta jenereta, televisheni na kanda ya kwanza aliyoikuta: filamu ya zamani, isiyo na rangi. Majirani wakaingia mmoja mmoja, wakidai wanapita tu. Mama akawatania, "Leo mashamba yamejilima yenyewe?" Mama Daudi wa nyumba ya pili akasema ni mvua. Hakuna aliyecheka. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na sebuleni mwetu kata zilijaa.

Nimeitazama filamu ile mara nyingi ukubwani, na bado naiona kazi ya fundi. Mwanzoni gari la mwanamume linazama ziwani. Baada ya hapo tunamtazama mkewe akipiga pasi mashati yake, bila muziki, mvua tu dirishani. Mtengenezaji hakutuficha kitu, na hofu yote inatoka hapo: sisi tunajua, yeye hajui. Mama aliukosa mwanzo huo; alikuwa jikoni akichemsha chai. Aliporudi na kugawa chai, akauliza mume wa yule dada yuko wapi. Watu wakatazama vikombe vyao. Kisha, kwenye filamu, mlango ukafunguliwa, wanawake wakaingia, na yule mke akasema neno.

"Anasemaje, Tluway?"

Mjomba, aliyezoea kuwatafsiria wageni papo hapo, akajibu kabla ya kufikiri. "Anauliza mbona majirani wamekuja wote."

Mama akageuka. Akatazama uso mmoja baada ya mwingine, polepole, hadi akafika kwa mdogo wake, ambaye aliinamisha macho.

"Zima," mama akasema.

Kaka yake alifika jioni, akasema yote kama desturi inavyotaka, na mama akamsikiliza kana kwamba hajui. Mdogo wangu alizaliwa salama.

Mwaka jana Mjomba Tluway alifariki. Ujumbe ulitumwa kwenye kundi la simu la ukoo kabla jirani yeyote hajavaa viatu kuja kwetu. Mama aliusoma shambani, peke yake. Nilipofika nilimkuta bado amesimama katikati ya maharage, simu mkononi. Hapakuwa na mtu wa kumketisha.