Mikorosho ya Baba na Feni Iliyokoroma

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa mtumba, kama vitu vingi tulivyovionea fahari miaka ile ya ruksa. Niliinunua kwa kiinua mgongo nilichopewa ofisi ilipotupunguza kazini, wapiga chapa watano kwa mpigo. Wenzangu walinunua cherehani na majokofu ya kuuzia barafu, wakanicheka. Mimi nikarudi nayo kwetu Newala, nimeipakata tangu Nanganga, ambako gari letu liliharibika tukahamishiwa jingine lenye mbuzi wawili. Nilipanga kuchapa barua na kadi za harusi sebuleni kwa baba, na kumtunza, maana mama alikuwa amefariki na mzee alibaki peke yake.

Nilimkuta ameanza kusahau. Si kusahau kwa mzaha, kwa mtu kutafuta miwani iliyo usoni mwake. Asubuhi moja alitoka chumbani, akanikuta nachochea moto, akaniamkia, "Shikamoo." Alidhani mimi ni dada yake mkubwa. Niliitikia marahaba, sikujua nifanye nini kingine, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Mwenyewe alijua. Siku hiyohiyo, akili ilipomkaa sawa, aliniuliza kama ile mashine yangu inaweza kuandika habari za miti.

Kwetu shamba ni kitu kimoja na mikorosho ni kitu kingine. Shamba unaliona lote kwa pamoja, lakini mkorosho una mtu wake: huu ni wa shangazi, ule wa njiani alipewa marehemu mdogo wangu wa kiume siku alipotoka jandoni, na wa pembeni umekopwa kivuli tu, mwenyewe yuko Masasi. Hakuna alama. Yote hayo yalikuwa kichwani mwa baba. Tangu soko la korosho lilipoachiwa watu binafsi, wageni walikuwa wakipita vijijini wakinunua hata miti, na baba aliona majirani wakiuza mikorosho ya dada zao bila kujua. Alitaka iandikwe yote, mti mmoja mmoja, na aliyeupanda, na sababu. "Kabla haijaniponyoka," alisema.

Tukaanza. Baba alikaa dirishani amefumba macho, akalitembea shamba akiwa pale pale kwenye kiti. Alianzia njiani, akafuata mstari, akafika kwenye kichuguu, akageuka. Mimi nilichapa. Nilijifunza upesi kwamba hapaswi kukatizwa. Ukimkatiza kidogo tu, anapotea shambani, na lazima arudi mwanzo wa mstari kutafuta alipoachia. Mashine nayo, kila nilipoiambia ihifadhi kazi kwenye disketi, ilichukua muda wake ikikwaruza, na baba alifumbua macho kuuliza kulikoni. Kwa hiyo nikaacha kuhifadhi katikati. Nilisema nitahifadhi tukimaliza mstari. Mpiga chapa wa miaka kumi na moja kazini, nikafanya kosa ambalo ningemfokea mwanafunzi.

Feni ilianza kukoroma wiki ya pili. Kwanza kidogo, kama mtu aliyelalia mgongo, kisha ikawa sauti ya kusaga, mpaka wateja wakauliza kama nimeweka kinu ndani. Nyuma ya sanduku palitoka joto la kuchoma mkono. Nikasema ni umeme, maana umeme wetu ulikuwa wa jenereta la mji na ulipanda na kushuka utakavyo. Nikaazima stebilaiza. Kelele pale pale. Nikaiinua mashine juu ya vipande viwili vya mbao ipate hewa chini, nikaisogeza dirishani. Baba alishauri tuiweke kwenye mchanga mbichi, kama mtungi wa maji. Nilicheka, naye akanuna.

Jambo moja sikuligusa. Juu ya kompyuta nilikuwa nimetandika kitambaa cha mama, alichokidarizi mwenyewe maua mekundu na kukizungushia nyuzi ndefu pembeni. Kitambaa hicho zamani kilifunika redio. Nyumba ya kwetu kitu cha thamani hakikai uchi, mgeni atasema mwenye nyumba hajafunzwa. Niliwasha mashine, nikachapa, nikaizima, na kitambaa kilikuwa juu yake muda wote, kimening'inia hadi nyuma.

Asubuhi ya msiba wangu tulikuwa kwenye mstari wa mwisho kabla ya bonde. Baba alifika kwenye mkorosho wenye shina lililogawanyika mara mbili, ule ambao tulipokuwa watoto tulipanda matawi yake tukacheza gari. Kisha akaeleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Alisema kabla yangu mama alijifungua watoto wawili, na wote hawakufikisha arobaini. Nilipozaliwa mimi, hospitalini Mkomaindo, aliteremka Masasi kwa miguu kutuchukua. Njiani, karibu na Lisekese, mtu alimpa korosho moja mbichi kubwa, akaitia mfukoni. Tulipofika nyumbani hakuna aliyeshangilia, waliogopa. Yeye alitoka peke yake akaifukia ile korosho, hakumwambia mtu, hata mama. "Nikasema ikiota, na huyu atakaa. Nikawa nakwenda kila asubuhi kuitazama. Siku ile ilipopasua udongo, mama, nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi…"

Kioo kikawa cheusi.

Feni ilikuwa imekwama, mashine imezidiwa na joto, ikajizima. Mstari mzima ulipotea, miti kumi na minne na ule wangu. Baba alifumbua macho akaniona nimeshika kichwa. "Tumefika wapi?" akaniuliza. Nikamwambia arudie ule wa shina mbili. Alifumba macho, akatembea, akatembea, kisha akasema amechoka.

Mwezi mmoja baadaye, nilipopata nauli na fedha ya fundi, niliifunga kompyuta kwa khanga, nikateremka nayo Masasi kwa fundi mmoja wa redio, mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alifungua skrubu nne za mashine, akaondoa ubavu wa bati, akainamisha kichwa. Akanusa.

"Dada, nyumbani mnalima korosho?"

"Nani asiyelima?"

"Sogea uone."

Ndani kulikuwa na unga wa njano. Umeganda kwenye mapanga ya feni, umejaa kwenye kile kipande cha bati chenye matundu kinachopooza moyo wa mashine. Salfa. Ile tunayoipulizia mikorosho alfajiri yenye umande, msimu wa maua, ili ugonjwa wa ubwiriunga usikaushe maua. Mara moja nikajua. Wiki ile feni ilipoanza kelele nilikwenda kulala kwa rafiki siku mbili, na niliporudi baba alinipokea akitabasamu kama mtoto aliyeficha kitu, akasema mashine imepona. Niliona blowa, ile mashine ya kupulizia salfa, imesimama kibarazani, nikadhani ametoka shambani.

Fundi hakuishia hapo. Alichukua koleo ndogo, akavuta kitu kutoka kwenye mhimili wa feni. Kilikuwa uzi mwekundu. Akavuta mwingine, na mwingine, umejisokota kama nywele kwenye kitana. "Na hizi zinatoka wapi?" akauliza. Nilisema sijui. Akasema hizo ndizo zilizoanza kuikaba feni, na chochote kilichofunika matundu ya nyuma ndicho kilichoipa homa. Salfa imekuja kumalizia. Aliziweka mezani. Alipogeuka kutafuta brashi nilizichukua nikazitia kwenye mkoba wangu.

Alisafisha kwa brashi ya rangi iliyo kavu, taratibu, huku ameishika feni kwa kidole isizunguke. Akaiwasha. Joto lilikuwa limepungua sana, ila sauti ya kusaga ilibaki. Akasema mhimili umekauka mafuta, feni nyingine mpaka iagizwe Dar es Salaam, na anayejua itafika lini ni Mungu. Nikalipa nikaondoka. Njia nzima ya kupanda mlima hasira zilinichemka, na nilihakikisha zote zinamwelekea baba.

Nilimkuta kibarazani anachambua mbaazi. Sikumwamkia. Nilisema, "Baba, umepuliza kompyuta kwa blowa ya salfa?"

Uso wake ulichangamka. "Nilipuliza. Ilikuwa inapumua kwa shida. Nikaosha tangi, nikafuta bomba kwa kitambaa, nikaweka mdomo wa bomba pale nyuma. Mikorosho inapona, mama. Nikasema na hii…"

Nilimfokea. Nilimfokea baba yangu mzazi kwa sauti ya kusikika kwa jirani, kwamba ameniharibia mashine, kwamba amejipotezea miti yake mwenyewe, kwamba asiguse tena vitu asivyovijua. Mkononi nilikuwa na mkoba wenye nyuzi nyekundu. Baba aliweka ungo chini polepole. Akasema, "Nisamehe, mama. Sikujua." Kisha akaingia ndani, na mbaazi zikabaki pale na kuku wakazifikia.

Siwezi kuieleza aibu ile vizuri hata leo. Mzee aliyepiga magoti vumbini kwa ajili yangu ananiomba msamaha, na mimi nusu ya kosa nimeifungia kwenye mkoba.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Siku ya nne nilimpelekea uji, nikamwaga zile nyuzi kwenye mkeka mbele yake. Nikamweleza yote, kwamba kitambaa ndicho kilichoanza, na aliyekitandika ni mimi. Alizigusa kwa kidole.

"Za mama yako," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Basi tumeiharibu watatu." Akacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Nikamwomba radhi kama inavyopasa, nimepiga magoti, akaniwekea mkono kichwani.

Ndipo alipouliza inaumwa nini sasa. Nikasema mhimili umekauka. Baba aliinuka akaenda chumbani, nikamsikia anaburuta cherehani ya mama. Alirudi na kile kikopo cha mafuta chenye mdomo mrefu mwembamba. Watu wanaosahau wana mambo yasiyowatoka. Miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akiitia mafuta cherehani ile, kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, mama akimwambia usijaze, tone tu.

Nilifungua ubavu mwenyewe, mara yangu ya kwanza. Nikaitoa feni, nikabandua karatasi ndogo ya katikati, na pale chini pakaonekana kitundu. Baba alikiinamisha kikopo. Mkono ule ambao siku hizi ulimwaga chai haukutikisika. Likadondoka tone moja. Akaizungusha feni kwa kidole, mbele na nyuma, akaisikiliza sikioni, akasema bado. Akaongeza nusu tone. Akaifuta kwa kona ya msuli wake, akanirudishia.

Nilipoiwasha niliweka kiganja nyuma kuhakikisha inazunguka. Upepo ulitoka, wa kawaida. Sauti haikuwepo. Kitambaa cha mama nilikihamishia kwenye meza ndogo, chini ya Kurani ya baba, na kompyuta ikakaa uchi kuanzia siku hiyo. Mgeni aliyetaka kusema aseme.

Lakini zilikuwa zimepita wiki tano tangu ile asubuhi ya kioo cheusi, na wiki tano kwa baba ulikuwa muda mrefu. Tulirudi shambani kwa kufumba macho. Sasa alikwenda pole, na mara nyingine aliupa mti mmoja watu wawili. Mimi nilihifadhi kila mti, disketi ikakwaruza, na alipouliza kulikoni nilimshika mkono ili asipotee. Niligundua kwamba nikimshika mkono anabaki pale pale alipo. Laiti ningelijua mapema.

Tukafika mstari wa mwisho kabla ya bonde. Alitaja wa kwanza, wa pili. Alipofika kwenye wenye shina mbili, alisimama.

Mashine ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia pumzi yake.

"Huo," alisema mwishowe, "mwenyewe simkumbuki. Andika hauna mtu."

Sikuandika. Nikaendelea kumshika mkono, nikamwambia, "Mimi nilisikia habari zake, baba. Nikueleze?"

"Nieleze."

Nikamweleza. Nikamwambia palikuwa na baba mmoja aliyepoteza watoto wawili, akazaliwa wa tatu Mkomaindo, akateremka kwa miguu kuwachukua mtoto na mama yake. Nikamwambia habari ya korosho aliyopewa Lisekese, na jinsi alivyoifukia bila kumwambia mtu, na ahadi aliyojiwekea, na jinsi alivyokwenda kila asubuhi kutazama udongo. Alisikiliza amefumba macho, midomo imeachana kidogo, kama anayesikia habari za nyumba ya jirani. Nilipofika pale pa kupiga magoti alinibana mkono.

"Na huyo mtoto," akauliza, "alikaa?"

"Alikaa, baba."

Akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Basi andika ni wake."

Nikaandika, nikahifadhi mara mbili.