Mashahidi wa Mashine Yangu

Nilikwenda kwa wakili mjini Eldoret na mashahidi saba. Benchi la nje liliwatosha watatu tu. Wengine walisimama ukutani, makoti ya kanisani yamefungwa vifungo vyote.

Katika shamba letu upande wa Chepsaita, tulilonunua kwa kikundi kutoka kwa mzungu aliyehama, tulijifunza kwamba kitu ni chako kikishuhudiwa. Siku ya kugawana, kila mtu aliita majirani waone mti wake wa mpaka ukipandwa. Aliyepanda peke yake alikuja kusumbuliwa baadaye. Kwa hiyo nilipomaliza mashine yangu ya kupukuchua mahindi, niliyoiunda kwa pedali na cheni ya baiskeli kuukuu, nikapanga meno yake ya chuma kwa kupima na kupima tena, niliita watu.

"Hii itapukuchua vidole kwanza," jirani mmoja alisema.

"Basi leta vyako tujaribu," akajibiwa na mama mjane wa shamba la chini. Yeye ndiye aliyenunua ya kwanza, papo hapo, mbele ya wote. Kufikia mavuno ya pili nilikuwa nimeuza kumi na tisa, kila moja mbele ya watu.

Kisha duka moja la vyuma mjini likaanza kuunda mashine ileile, hata idadi ya meno haikubadilishwa. Nilikuwa nimesoma kwamba kuna hataza, haki ya kisheria ya kumzuia mwingine asiunde kitu ulichobuni wewe. Ndiyo niliyoifuata.

Wakili, kijana mpole, aliitazama michoro yangu yote bila haraka.

"Mzee, umewahi kuuza hata moja?"

"Kumi na tisa. Mashahidi wako hapo nje. Niwaite?"

"Usiwaite."

Akaweka kalamu chini. Alieleza kwamba siku hizo ombi lilianzia Uingereza, ndipo haki isajiliwe huku, na kwamba ilitolewa kwa kitu kipya tu. Kilichouzwa hadharani kabla ya ombi kuwasilishwa hakihesabiwi kuwa kipya.

"Hata kama aliyeuza ni mwenye kukibuni?"

"Hata akiwa yeye. Ungekuja kabla ya kuuza ile ya kwanza."

"Na hawa watu niliokuja nao?"

"Mzee, hao ni mashahidi wa lile duka."

Nilimwomba arudie. Akarudia, polepole, maneno yaleyale. Nilisikia kila neno, lakini mikono yangu iliendelea kupanga michoro kwa tarehe, kana kwamba bado kuna mtu wa kuonyeshwa.

Nilipotoka, wote saba walinizunguka.

"Mbona hukutuita?" mama mjane aliuliza.

"Haikuhitajika."

"Ungeniita hata mimi peke yangu. Ningeapa: nilinunua ya kwanza, mchana, watu wote wakiona."

"Asante, mama," nilisema. Nikatangulia kushuka ngazi, wasinione uso.