Besi Isiyolala Nje ya Jericho

Nilikuja Nairobi juu ya lori la mbuzi. Tulitoka Marsabit jua likichomoza, na bendi niliyokuwa nikiipigia kule ilikuwa imekufa wiki iyo hiyo: mwimbaji alikwenda kuoa, mwenye vyombo akaja kuchukua vyombo vyake. Mimi nilibaki na gitaa langu la besi ndani ya gunia la sukari. Karibu na Isiolo mvua ilitunyeshea, nikalisukuma gunia chini ya turubai, katikati ya mbuzi. Sikukumbuka kwamba mbuzi hawaombi ruhusa ya kwenda haja.

Tulishuka Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi, asubuhi iliyofuata, wanunuzi wakiwa tayari wanapapasa migongo ya wanyama. Nikabeba gunia begani na kutembea hadi mtaa wa Jericho kwa mjomba wangu, ambaye alikuwa amestaafu kazi ya baraza la jiji. Aliyenifungulia mlango ni mwanawe, binamu yangu, mpiga ngoma.

"Niaje, msee wa kaskazini! Hii ni gitaa ama ni mzoga?"

"Ni besi."

"Besi imeoga na mbuzi!" Akamwita mama yake jikoni. "Matha, usipike leo, mgeni amekuja na supu yake."

Tulipolitoa, mbao zilikuwa zimevimba na shingo imejipinda. Kichwani lilikuwa na jina lile kubwa la Marekani ambalo kila mpiga besi analijua, lakini lilikuwa la kubandika. Gitaa nililinunua kwa fundi mmoja wa Bungoma aliyekuwa na majina kama hayo tele ndani ya kopo la kasuku, lile la mafuta ya kupikia.

Jumapili, baada ya kanisa, binamu alinipeleka kwenye chumba cha mazoezi cha bendi yake, nyuma ya soko. Hapo ndipo nilipokutana na besi ya kweli. Aliyeipiga alikuwa mzee wa kwetu magharibi, mstaafu wa reli, mwembamba, mwenye suruali yenye mkunjo mkali. Alilitazama gitaa langu, akasoma jina kichwani, akacheka mpaka akakohoa.

"Jina limefika, kijana. Gitaa lenyewe liko njiani."

Kisha, kwa huruma au kwa kunikejeli zaidi, akanivika mkanda wa gitaa lake, ambalo jina lile lile halikuwa la kubandika. Rangi ilikuwa imebanduka mahali mkono unapolala, na mbao zilionekana chini yake, laini kama mpini wa jembe la zamani. Nilipiga sauti moja tu. Binamu akaingia na ngoma yake, nikagundua kwamba sihitaji kupigania nafasi. Kwenye gitaa langu kulikuwa na sauti zinazopiga kelele na nyingine zinazokufa kabla hazijafika ukutani. Nilikuwa nimezoea kuzikwepa, kama mtu anavyokwepa mashimo ya barabara. Hapa zote zilitoka sawa, nene, zikakaa chini ya mwimbaji bila kumkanyaga.

Nilimuuliza kwa nini wapigaji wote wanalililia gitaa la aina hii, hata wanaoweza kupata jipya lenye urembo zaidi.

"Umewahi kufanya kazi ya reli?"

"Hapana, mzee."

"Basi sikiliza. Reli ya zamani ilikuwa na upana mmoja, Mombasa mpaka Kampala. Behewa likitoka huku, kule linapita. Besi hii ni upana wa reli. Mlete mtu wa Kinshasa, mlete wa Kisumu, mpe hii gizani: vidole vyake vinajua njia. Ikiharibika, shingo imeshikwa na skurubu tu, fundi yeyote mwenye bisibisi anaifungua. Na sauti yake ndiyo watu walikulia wakiisikia redioni. Ukiwapa nyingine watakuambia kuna kitu kimepungua, lakini hawatajua ni nini."

Bendi ile ilinipokea, nayo ilikuwa na sharti moja. Besi hailali nje ya Jericho. Tukipiga harusi Lucky Summer au matanga Kayole, vyombo vingine vinaweza kusubiri kesho, lakini besi inarudi siku hiyo hiyo, nyumbani kwa mzee. Kabla yake walikuwa na nyingine, ikaenda na mpigaji kwenye kandarasi ya mbali, na hakuna aliyewaona tena, si mtu si gitaa. Nilidhani ni ushamba. Hata hivyo nililitii miaka yote niliyokaa, na hakuna mahali nilipowahi kukaa muda mrefu hivyo.

Vidole vya mzee vilianza kukakamaa. Mwanzoni aliniachia nyimbo za haraka, baadaye akawa anakaa tu pembeni akitikisa goti. Jioni moja alisema mbele ya wote, "Huyu akikaa, itakuwa yake." Binamu alinipiga kofi la mgongo. Nami nilifurahi, kisha nikasikia lile neno "akikaa" likinikwaruza kama ukosi mpya wa shati.

Ndipo simu ikaja kutoka Mombasa. Kiongozi wa bendi ya hoteli alikuwa akitafuta mpiga besi. Hakuniuliza napigaje. Aliuliza, "Ni ile yenyewe unayo?" Nikajibu ninayo.

Nilikwenda kwa mzee kumwomba aniazime.

"Kwa muda gani?"

"Msimu mmoja, mzee. Nitairudisha."

"Aliyetangulia pia alisema msimu."

"Mimi si yeye."

"Wewe ni mtu wa njia, mwanangu, na sikulaumu. Lakini hapa kuna watu wanaoa na kuzikwa kwa sauti ya hii kitu. Ukikaa, ichukue leo. Ukienda, nenda na mikono yako."

Kwa siku kadhaa nilijadiliana na kichwa changu. Binamu aliniita fala, kesho yake akaniita tena. "Buda, unapewa Benz unataka kupanda punda?" Nilijua tu kwamba miguu ilikuwa imeanza kuniwasha.

Sasa nimepita arobaini. Nilikwenda na mikono yangu tu; hotelini walinipa besi yao, nyekundu, inayong'aa, na msimu haukuisha kabla hawajapata mtu mwingine. Tangu hapo nimepiga nyingi: Malindi, Arusha, Eldoret. Zote nzuri kiasi. Kila nikishika mpya, mkono wa kushoto unatafuta kitu na haukikuti. Nilikuwa nikidhani kilichonipita ni gitaa. Siku hizi naona ni lile neno "akikaa".

Asubuhi ile niliyoondoka Jericho nilipita kumuaga mzee. Alikuwa ameketi kitandani, besi mapajani, anajaribu kuzungusha ufunguo wa uzi mnene na vidole vinateleza.

"Imeshuka," alisema. "Nisaidie."

Nilipiga magoti mbele yake, nikazungusha, yeye akiudonoa uzi na kusikiliza huku amefumba macho. Aliniongoza: juu kidogo. Hapana, rudi. Hapo. Tulimaliza nyuzi zote nne hivyo. Sikuipiga, naye hakuniambia niipige.

"Basi safari njema," akasema. "Funga mlango ukitoka, vumbi lisiingie."

Niliufunga.