Maneno Matatu Ambayo Hayakuwamo Kwenye Muswada

Makomredi wa ukurasa huu, nyote mliokulia chini ya mikono mizito mkaambiwa ndiyo malezi, nawasalimu. Admin, lifiche jina langu, lakini maneno yangu usiyapunguzie ukali.

Nina miaka ishirini na minne, niko mwaka wa mwisho chuo kikuu, mzaliwa wa Kigoma. Kwenye majukwaa ya wanafunzi nimenguruma mara nyingi kwamba ukimya ndio mlinzi wa wakatili. Leo ukimya huohuo umenifikia mimi mwenyewe.

Nilipokuwa na miaka sita mama yangu alivuka ziwa kwenda Kongo, hakurudi. Nikalelewa Rusimbi na dada yake, mama mkubwa, aliyekuwa akipika mawese nyuma ya nyumba. Nilichemsha chikichi kabla ya shule, nikachemsha baada ya shule, na siku nyingine hiyo shule sikuiona. Nikiwa na miaka tisa niliachiwa sufuria ya mafuta niilinde. Nikafungua daftari, mafuta yakaungua. Mama mkubwa alinishika kiwiko, akakibandika kiganja changu kwenye ubavu wa sufuria, akasema, "Isome na hii." Hadi leo vidole viwili havinyooki.

Mwaka huu niliuandika utoto huo uwe filamu. Mfadhili hatuna, kamera ni ya kuazima, waigizaji ni watu wa mtaani. Jina la msichana nililibadilisha, na yale maneno matatu sikuyaandika. Mkono uligoma. Wenzangu walipokwenda Kigoma kurekodi, mimi nilibaki chuoni na mitihani. Mwongozaji, asiyeijua familia yangu, akaulizia mwanamke hodari wa kupika mawese. Akaelekezwa Rusimbi.

Mama mkubwa akanipigia simu akicheka. "Mwanangu, mwenzio nimekuwa staa! Nimeigiza mama mmoja katili, we! Watu wa namna ile sijui huzaliwa na nani."

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hajui kwamba aliyeandika ni mimi. Juzi nimeitazama filamu. Anamshika mtoto kiwiko, anakibandika kiganja chake kwenye sufuria, anasema: "Isome na hii." Hakuna aliyempa maneno hayo. Mwongozaji anasikika akishangilia, "Mama huyu ana kipaji!" Na kabla kamera haijazimwa, mama mkubwa anaupuliza mkono wa yule mtoto. "Pole mwanangu. Hujaumia?"

Makomredi, sufuria ilikuwa ya baridi! Miaka kumi na mitano nimeingoja pole hiyo, akapewa mwingine, kwa moto ambao haukuwako.

Imepangwa kwamba baada ya onyesho nipande jukwaani, niinue kiganja, niseme msichana yule ni mimi. Mama mkubwa amewaalika wanakwaya wenzake wote, na kitenge kipya ameshashona. Nikisema, nitamvua nguo mbele yao, yeye aliyenilisha wakati mama aliyenizaa hakuuliza hata kama niko hai. Nikinyamaza, nitawatazamaje wasichana ambao sasa hivi wanalinda sufuria za watu?

Nishaurini, nifanye nini? Msikawie. Onyesho ni Jumamosi, saa kumi kamili jioni, ukumbini Mwanga. Mama mkubwa anasema anaona aibu kujitazama. Ameniomba niketi kando yake, nimshike mkono.