Jibu la Beryl

Trizah alinijia mara ya kwanza akiwa na mtoto mgongoni na bakuli la mayai ya kuchemsha mkononi. Sote tulikuwa tukiuza Mwembe Tayari, mimi beseni na ndoo, yeye mayai kwa abiria wa mabasi ya bara.

"Mama Kitsao, nakuomba uzime spika mchana. Namwimbia mtoto, hanisikii."

Spika hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye kuuza mkononi. Sauti ya mwanamume iliyorekodiwa iliita, "Beseni, ndoo, sahani!" na wanawake wakaitikia, "Njoo uchague!" Ikawa hivyo kutwa nzima.

"Kwani wimbo wenyewe una nini?"

Akanieleza. Kwao, nyanya humpokea mjukuu kwa wimbo. Huuliza, "Mtoto huyu wa nani?" kisha huacha nafasi, na mtoto huitikia, "Wako, nyanya." Mamake Trizah, Rispah, alimsusa tangu alipozaa huku Pwani bila ndoa, na sasa amekubali kuja. Mtoto asipoitikia, Rispah atasema binti amewatupa kabisa.

"Sizimi bure," nikamwambia. "Nipe kona yako."

Palikuwa na kivuli, na abiria walishukia hapo.

"Una roho ngumu wewe!"

"Nina roho ya biashara. Watoa, hutoi?"

Akatoa.

Mchana nikawa nazima, naye akawa anaimba juani. Aliimba mstari, akanyamaza, akamtazama mwanawe Beryl mdomoni. Mtoto hata kusema alikuwa bado hajui vizuri, lakini alianza kuguna pale pale pa kujibu, kwa mapigo yale yale. Trizah akawa ananitazama kama aliyeshinda kesi. Asubuhi spika iliendelea. Asubuhi haikuwamo katika mapatano.

Rispah alishuka basini, akasimama mbele ya mjukuu bila hata salamu, akaimba. Akauliza. Akaacha nafasi.

"Njoo uchague!" Beryl akaitikia kwa sauti ya juu, bila kuchelewa hata kidogo.

Makanga wakaangua kicheko. "Haya nyanya, chagua basi!"

"Mama, ameitikia!" Trizah akamshika mkono. "Si umesikia? Pale penyewe! Maneno atajifunza."

"Huyu umelizalia soko," Rispah akasema. "Soko limlee."

Akarudi na basi la jioni.

Baadaye Trizah alikuja kudai kona yake. Nikamwambia nilizima kama tulivyopatana. Mtoto aitikie nini, hilo halikuwamo.

Siku hizi spika hailali. Trizah anauza juani, haimbi tena. Beryl namwacha akae kivulini kwangu. Mwanamume akiita, yeye huwawahi wanawake wa spika kuitikia, abiria wanacheka, wanasogea, wananunua. Simlipi kitu.