Mwimbaji Aliyemziba Mama Masikio

Niliyatambua makofi kwanza. Mwezi uliopita nilikuwa Makindu, nimeketi kwenye benchi la fundi wa simu nikingoja simu yangu ibadilishwe kioo, naye akawasha simu ya mteja mwingine ili ajaribu spika. Yakatoka makofi ya watu wengi, makavu kama ndengu zinazomiminwa kwenye sufuria tupu. Mwanamume mmoja akapiga mluzi. Mwanamke akakohoa kidogo mbele ya maikrofoni, na kabla hajaimba hata neno moja nilikuwa nimeshasema kwa sauti, "Ai, si huyu tena!"

Fundi akanitazama. "Kwani unamjua?"

Kumjua? Huyo mwanamke aliishi nasi.

Wakati huo tulikuwa Sultan Hamud, katika chumba kilichokuwa nyuma ya hoteli ya mama. Ninaposema hoteli msifikirie vitanda. Ilikuwa na meza nne zilizofunikwa kwa plastiki ya maua, jiko la makaa, na harufu ya chapati iliyoganda kwenye kuta hata siku za Jumapili tulipofunga. Wasafiri na madereva wa malori waliingia wakala chapati au muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, wakanywa chai, wakaenda zao. Ikifika saa nane mchana, wateja wakishapungua, mama alikuwa anapangusa mikono kwenye aproni, anaingia chumbani, anaitoa sidii yake kwenye bahasha ya nguo aliyoishona mwenyewe, na kuitia kwenye mashine ya muziki. Kisha anakaa kitini na kunyoosha miguu. Hapo mama hayupo tena.

Niwaeleze kwanza mama alikuwa ametoka wapi. Nikiwa na miaka mitatu aliniacha Migwani kwa susu, yaani nyanya yangu, akaenda Lebanoni kufanya kazi katika nyumba ya watu. Aliporudi nilikuwa na miaka minane. Nilikuwa nimemngoja kwa muda mrefu mno, na kwa hivyo nilipompata nilitaka nimtumie. Nilikuwa namwita kwa kila kitu. Mwaitu, tazama kidonda changu. Mwaitu, penseli imevunjika. Mwaitu, kuku ameingia jikoni. Mwaitu kwa Kikamba ni mama yangu, na nadhani mwaka ule nililitaja neno hilo kuliko watoto wote wa Makueni wakijumlishwa pamoja.

Naye alikuwa anaitika, sitamsingizia. Aliitika asubuhi, aliitika jioni, aliitika akiwa na unga hadi viwikoni. Ila wimbo ukianza, hata ningesema nyumba inaungua, aliinua kidole kimoja tu bila kufungua macho. Ngoja. Na wimbo wenyewe haukuwa wimbo wa kungojwa! Nyimbo za kwetu kanisani zilikuwa na beti tatu na kiitikio, unajua zitaisha lini. Huu ulianza kwa fidla ambazo hazikuwa na haraka, mtu akadhani mwimbaji amechelewa njiani. Akaja, akaimba mstari mmoja, akaurudia, watu wakapiga kelele, akaurudia tena kwa namna nyingine, wakapiga makofi, akaurudia. Zaidi ya nusu saa wimbo mmoja! Nilikuwa nasimama mlangoni na penseli yangu iliyovunjika, mguu huu, mguu ule, nikimchukia mwimbaji huyo kuanzia nywele.

Nywele nilizijua kwa sababu picha yake ilikuwa kwenye karatasi ya sidii: nywele nyingi kama za watu watatu, gauni la kijani linalometameta, wanja mzito machoni. Mama alinieleza kwamba huyo ni mwimbaji wa vijana, wa nyimbo za kuchezwa, lakini katika shoo ile iliyorekodiwa aliamua kuimba nyimbo za Kiarabu za zamani zilizoimbwa na wakubwa, mbele ya watu, ndiyo maana makofi yanasikika.

Siku moja dereva wa lori la ng'ombe kutoka Garissa, jina lake Abdi, alikuwa anamalizia chai wakati mashine ilipoanza. Akaacha kikombe hewani. "Mama Kanini," akamwita mama kwa jina langu kama walivyofanya wote, "hii wimbo ilikuwa ya marehemu baba yangu. Lakini huyu msichana anaiimba kama anauza sabuni."

Mama alitoka chumbani haraka, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia mimi. "Umesema?"

"Nasema tu. Sauti iko, lakini haijaumia."

Mimi nikaona nimepata mtu wa upande wangu. Nikamuuliza Abdi mwimbaji anasema nini hapo anaporudia. "Anasema njoo," akanijibu.

"Mara saba?"

"Sasa kama huyo mtu hajakuja, afanyeje?"

Mama hakucheka. Wiki iliyofuata Abdi aliagiza chapati mbili akaletewa mbili za pembeni zilizoungua, na hakuuliza kwa nini.

Halafu akaja Mama Ndinda, kiongozi wa kwaya yetu, akiwa na Biblia kwapani na sura ya mtu aliyetumwa. Alisema kina mama wa kanisa wanaulizana. Mtu akipita hapa mchana anasikia Kiarabu, anashindwa kujua kama hii bado ni nyumba ya mlokole au imekuwa msikiti.

"Hizo si nyimbo za dini, dada," mama akamwambia kwa upole. "Ni za mapenzi tu."

Mama Ndinda aliketi taratibu. "Za mapenzi," akasema. "Heri ungeniambia ni za dini."

Aliomba pale pale, maombi marefu, na alipomaliza mama alimshukuru, akamfungia mandazi ya kubeba, na saa nane kesho yake kidole kilikuwa juu kama kawaida. Nilikata tamaa na kanisa zima.

Lakini kilichoniudhi zaidi ya yote kilikuwa katikati ya wimbo. Kulikuwa na mahali fidla zilinyamaza, watu wote wakanyamaza, mwimbaji akavuta pumzi, na papo hapo mtoto akalia. Kilio cha kweli, kule nyuma ukumbini. Mwimbaji akasema neno, umati ukacheka, na mama, macho yakiwa yamefungwa, naye akacheka. Kila siku mahali pale pale. Nikamuuliza anacheka nini.

"Huyo ni Rami, mtoto wa bosi wangu kule Lebanoni," akasema. "Nilikuwa nimembeba mimi. Bosi alitaka kwenda kwa hiyo shoo na mtoto alikuwa hawezi kubaki, tukaenda wote. Nilimlea tangu akiwa na miezi miwili. Huyo mwimbaji alisema hata huyu mdogo anaijua hii wimbo." Akacheka tena. "Sidii ilipotoka, bosi alinunua mbili. Yangu alinipa nikiondoka."

Alinieleza kama mtu anayenipa zawadi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilichosikia ni kwamba mama yangu alikuwa ameleta nyumbani kilio cha mtoto mwingine, akakifunga kwenye bahasha ya nguo, na kila mchana alikuwa ananinyamazisha ili akisikilize.

Kesho yake hakukuwa na shule. Mama alikuwa dukani kununua unga. Nilitoa sidii, nikatafuta msumari, na kwa kuwa sikujua Rami amekaa sehemu gani ya duara lile linalong'aa, nilipiga mistari kila upande. Nilikuwa nalia na kukwaruza. Kisha nikairudisha kwenye bahasha na kwenda kupepeta maharagwe kwa bidii ambayo ingemshtua mtu yeyote anayenijua.

Saa nane mama akaitia kwenye mashine. Fidla zikaanza, zikakwama. Mwimbaji akaruka, akashikwa na kwikwi, akasema nusu ya neno mara kumi, akaruka tena. Makofi yakaja mahali pasipo na wimbo. Na katikati ya ajali hiyo yote, safi kabisa, bila mkwaruzo hata mmoja, Rami akalia.

Nilitamani kuula ule msumari.

Mama aliitoa sidii, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Aliifuta kwa pindo la gauni, akaipaka dawa ya meno, akaisuuza. Kisha akaniuliza, "Ni wewe?"

"Ni panya."

"Panya wa kutumia msumari?"

Nilingoja kofi. Kwa kweli nililitaka, maana mtu akikupiga amekuona. Badala yake alinisogezea stuli. "Kaa hapa," akasema, na akairudisha sidii kwenye mashine. Tukakaa wawili tukisikiliza kwikwi ile hadi mwisho. Alipofungua macho aliniambia jambo moja tu: "Wewe pia ulilia siku nilipoondoka. Hiyo haijarekodiwa na mtu, lakini naijua yote."

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Wapi! Kesho yake alisikiliza tena. Sidii mbovu, wimbo vipande vipande, na kidole juu. Aliisikiliza hivyo hadi mashine yenyewe ikafa, na mimi nikabaki bila kuelewa. Kama alikuwa anamtaka mwimbaji, mwimbaji nilishamharibu. Kama alikuwa anamtaka Rami, mbona hakuwa anazima Rami akishalia?

Miaka ikapita, nikaenda chuo. Agosti moja nilikuwa nyumbani, tunachambua ndengu sisi wawili kwenye meza ya hoteli, wateja hakuna. Nikamuuliza kama bado anamkosa Rami.

"Namwombea," akasema. "Saa hii ni mwanaume."

"Nilifikiri ulikuwa unasikiliza ile sidii kwa sababu yake."

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Kwa sababu ya mtoto kulia? Kanini, nilisikia mtoto akilia miaka tano."

Ndipo akanieleza. Ile nyumba ilikuwa na ghorofa mbili, na bosi alikuwa anamwita kutoka chumba chochote alichokuwamo. Mutindi, maji. Mutindi, simu inaita. Mutindi, kile kitu cha TV kiko wapi, nacho kiko karibu na mkono wake. Tangu alfajiri. Lakini bosi alipenda nyimbo hizo za zamani kupita kiasi, na ule mrefu ukianza alikuwa anafumba macho na hataki kusikia hata kijiko. Nyumba nzima ilinyamaza. Mama alikuwa anaenda nyuma ya mlango wa jikoni, anageuza ndoo, anakalia, ananyoosha miguu.

"Nusu saa nzima hakuna mtu anataja jina langu," akasema. "Zile za studio zilikuwa fupi, hazikunisaidia. Hii ya watu ilikuwa nzuri kwa sababu ya makofi. Wakipiga makofi anarudia. Na mimi huko jikoni nilikuwa napiga pia, polepole, ndiyo arudie."

"Na maneno?"

"Maneno nilijulia wapi? Mpaka leo sijui. Nilijua tu ni ndefu."

Nilitoa jiwe moja kwenye ndengu, nikatoa la pili. Mbele yangu nilimwona mtoto amesimama mlangoni na penseli, akisema mwaitu, mwaitu, mwaitu. Nikauliza, kwa sauti iliyotoka kali kuliko nilivyotaka, "Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mtoto wangu usiniite? Nilitoka mbali hivyo ndiyo uniite." Akapuliza maganda kutoka kiganjani. "Ila mtu huchoka hata na kitu alichokiomba."

Sijui kama nilimsamehe, wala kama kulikuwa na cha kusamehe. Miaka yote ile nilipigana na mtoto wa Lebanoni asiyejua kama nipo, kumbe nilikuwa nashindana na miguu ya mama iliyotaka kunyooshwa. Na bado naona angeweza kuchagua wimbo mfupi kidogo.

Mteja akaingia, akagonga meza ya mlangoni. "Mama Kanini! Chai hapa!"

Mama akashika ukingo wa meza ili ainuke. Nikamwambia akae. Nikaenda mimi.