Mwanamke wa Shimoni

Mume wangu alichimba dhahabu Lulimba miaka sita, na nikisema kwamba ametoka shimoni nitakuwa nadanganya. Tulipohamia mjini Baraka, binamu yake alimtumia kutoka ng'ambo miwani mikubwa ya kufunika uso, na ndani yake mchezo uliotengenezwa na vijana watatu tu, chumbani kwao. Ukiivaa unajikuta kwenye mapango chini ya ardhi, unapigana na majitu kwa panga. Maandishi ya mwanzo yanasema: kwa watu wazima tu. Damu ya humo haina kiasi.

Humo alikuwa na mwenzake, mwanamke mpiganaji wa kuchorwa tu, mapaja nje. Kanuni ya mchezo ni moja: mwenzako akifa, harudi tena. Basi alimtunza kama yai. Mimi namenya mihogo uani, namsikia ng'ambo ya ukuta: "Kuja, mama. Pole pole. Pita nyuma yangu."

Mezani, mbele ya bugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ananisimulia: "Leo amenikinga." Miaka yote nimemkinga na mvua, homa na ndugu zake, sijamsikia akimsimulia mtu.

Nilikuwa na wivu, sitaficha. Nikamwomba na mimi niingie.

"Mwanamuke haingiake mu shimo," akasema. "Zahabu itakimbia." Ndiyo mwiko wa Lulimba: bamama wanatwanga mawe juu, hawashuki.

"Na ule wa ndani, ni mwanaume?"

Akacheka tu.

Siku moja alipokwenda Swima, niliivaa miwani. Yule mwanamke alikuwepo, kasimama ananisubiri, mzuri kweli. Jitu likatoka gizani, naye akatangulia mbele yangu bila kuombwa. Panga nalijua, nimefyeka mashamba tangu utotoni. Nikashusha mkono, nikatazama jitu likimkata mpaka akalala chini, asiinuke tena. Kisha nikafuta vioo kwa kitenge, nikaenda kusonga bugali, roho nyeupe.

Jioni mume wangu alirudi, akaivaa. Alipoivua macho yalikuwa mekundu.

"Iko wapi?" akaniuliza, sauti imempasuka. "Umemupeleka wapi?"

Mwaka jana nilikasirika, nikakaa kwa mama yangu kule Mboko miezi miwili, nikingoja aje aniulizie kwa sauti ile ile. Alimtuma mtu aje kuuliza ufunguo wa stoo niliuweka wapi.